Mjomba, Hukutazama Juu ya Nguzo

Bunia, mtaa wa Saio
Jumapili, tarehe 16 Oktoba 2011

Mpendwa Mjomba Médard,

Nakusalimu sana, wewe na tantine Sylvie na ndugu yangu Fabrice. Mnaendeleaje huko Washington? Je, baridi imeanza? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikuwa ukikohoa, na Mama alibaki na wasiwasi juma zima. Tafadhali usitoke asubuhi bila kofia. Mwambie Fabrice ale mboga, hata kama rafiki zake hawali.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama ana nguvu, ila mgongo unamsumbua akirudi shambani. Nyanya Elisabeth alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto kule Nyankunde, na sasa anaona vizuri mno. Anaona hata pale ambapo sikufagia. Mimi nimeingia mwaka wa tano wa sekondari, upande wa ualimu, kama ulivyonishauri. Nilipata asilimia sabini na moja. Najua utauliza kuhusu fizikia. Tafadhali usiulize.

Amani ipo. Maduka yanafunguliwa, magari meupe ya MONUSCO, askari wa Umoja wa Mataifa, yanapita mara chache kuliko zamani, na watu wanajiandaa kwa uchaguzi. Watu wa jamii zote wanasalimiana sokoni. Lakini kabla ya kusema neno la pili, kila mtu anatazama kwanza ni nani amesimama karibu. Ndiyo amani yetu, Mjomba, na hatuidharau, kwa kuwa tunakumbuka ilivyokuwa kabla yake.

Sasa salamu zimekwisha, naomba ruhusa nikukasirikie kidogo. Wewe ni kaka ya mama yangu na nakuheshimu. Lakini zile picha ulizompa Donatien atuletee mwezi wa saba zimetutia katika taabu ambayo huwezi kuiwaza, na nusu ya taabu hiyo ni ya kwako. Nusu nyingine ni ya kwangu, nitakueleza.

Kwanza, picha zenyewe. Ulituma kumi na moja. Nilizipanga mezani, nikahesabu, na tisa kati yake ni nyumba nyeupe zenye nguzo. Umeandika nyuma ya moja kwamba ni korti. Nyuma ya nyingine, kwamba ni nyumba ya kutunzia vitabu na karatasi za serikali. Nyingine ni kaburi la askari, nyingine benki. Mjomba, mbona zote zinafanana? Huko mtu anajuaje kama anaingia kuhukumiwa au kuazima kitabu? Madame Hortense, mwalimu wetu wa historia, ameniambia kwamba Waamerika waliazima namna hiyo ya kujenga kwa Wagiriki na Warumi wa kale, ili serikali yao iliyokuwa changa ionekane kama imekuwepo siku zote. Nilimjibu kwamba basi na sisi tumeazima kitu kilichokuwa tayari kimeazimwa. Alicheka. Mimi sikucheka, maana zamu yangu ya kubeba maji ya kuchanganyia saruji ya nguzo zetu ilikuwa kesho yake.

Unakumbuka kwamba mtaa wetu uliamua kujenga ukumbusho wa watu wetu waliokufa katika vita, pale kando ya kiwanja cha mpira. Kila familia ilileta matofali. Wazo lilikuwa dogo na zuri: ukuta mmoja, majina yote, msalaba juu. Papa Vital, chef wa mtaa wetu, ndiye mwenyekiti wa kamati. Basi Donatien akafika na bahasha yako, na katika barua yako ulikuwa umeandika kuhusu ile picha kubwa kuliko zote, ukumbusho wa Rais Lincoln. Uliandika hivi, ninayo hapa mbele yangu: "Nguzo zake ni thelathini na sita, na kila nguzo ni jimbo lake."

Papa Vital alipoiona picha ile hakuiachia tena. Akaniita kwenye mkutano wa kamati niisome barua yako mbele ya wote, kwa kuwa nasoma vizuri. Nusu yangu ya kosa ndiyo hiyo. Nilisimama pale katika sketi yangu ya shule, nikasoma kwa sauti, na nilipofika kwenye neno "kila nguzo ni jimbo lake" nikalisoma mara mbili, kwa majivuno, ili wajue nina mjomba Amerika anayejua mambo.

Papa Vital akapiga meza. "Munasikia? Amerika yote iko mu nguzo! Siye tuko jamii sita hapa Saio. Nguzo sita! Kila jamii na yake, na majina ya bafu bao, bale balikufa mu vita, juu yake."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, Mjomba.

Ukuta ukafutwa. Wakamwita fundi Katsuva, ambaye ni mtu wa Butembo, kwa sababu hana kabila lake kati ya zile sita na hakuna wa kumshuku. Akaanza nguzo sita za matofali, zimepangwa mstari mmoja, zote urefu mmoja. Hilo lilikuwa juma la kwanza.

Juma la pili, mjumbe wa jamii moja alipita asubuhi, akasimama mbali, akafumba jicho moja. Akamwambia Katsuva kwamba kutoka barabarani nguzo yao inaonekana fupi. Aongeze safu moja tu ya matofali. Katsuva akaongeza. Mchana akaja mwingine. Kesho yake wakaja wawili. Nilipita kila siku nikienda shuleni, na kila siku nguzo tofauti ilikuwa imeota kichwa. Siku moja nilimuuliza Katsuva kwa nini anakubali.

"Weye mutoto, miye niko fundi," akasema bila kuacha mwiko wake. "Mwenye kufa si wangu, mwenye matofari si wangu. Bananiambia ongeza, naongeza. Siku bataniambia tosha, nitapumuzika."

Hakuna aliyemwambia tosha. Leo nguzo hizo ni sita, na urefu wake nao ni wa namna sita. Ile ya Mzee Mathieu, anayewakilisha watu wetu wa Mahagi, upande wa Mama, ndiyo fupi kuliko zote, kwa sababu alikuwa mgonjwa juma hilo. Ile ya Papa Josaphat inashinda zote. Papa Josaphat unamjua, ni baba mkubwa wa marehemu Papa yangu na mjumbe wa jamii ya kwao. Siku hizi mikono yake inatetemeka. Akishika kikombe cha chai, kisahani kinalia mpaka nje. Anayesimamia nguzo ile ndefu hawezi hata kuandika jina lake mara moja bila kupumzika.

Ningeweza kuyavumilia hayo yote na kucheka na wenzangu. Lakini yakaja majina.

Kila mjumbe alileta orodha ya jamii yake. Papa yangu Honoré yumo katika orodha ya Papa Josaphat, na tulifurahi. Lakini mdogo wangu Grâce hakuwemo. Unajua, Mjomba, lakini sijui kama ulielezwa vizuri, kwa sababu wakati ule simu zilikuwa ngumu. Papa alikufa hapa mjini mwezi wa tano 2003. Sisi tulikimbia na Mama kuelekea kwenu Mahagi kwa miguu. Mimi nilikuwa na miaka minane, Grâce minne. Alishikwa na homa njiani, na akafa kabla hatujafika Kpandroma. Mama mmoja wa pale, ambaye hakutuuliza sisi ni watu wa nani, alivua kitenge chake cha juu akatupatia tumfunge nacho. Tukamzika kando ya shamba lake la viazi.

Mama alivaa vizuri, akaenda kwa Papa Josaphat. Nilikuwa naye. Papa Josaphat alimpokea kwa heshima, akamkalisha, kikombe kikalia juu ya kisahani. Akasema, "Mama Elodie, tuliandika bale balikufia hapa, mu mikono yetu. Ule mutoto ulienda naye kwenu. Aende mu nguzo ya kwenu."

Tukaenda kwa Mzee Mathieu. Huyu ni mtu wetu, anakujua tangu ukiwa mdogo. Akatikisa kichwa, akamwita Mama kwa jina lake. "Claire, binti yangu, utanigombanisha na batu. Mutoto iko wa baba yake. Nikimuandika kwangu, batasema naiba bafu."

Naiba wafu! Mjomba, nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Kuna nguzo sita pale, matofali hayana idadi, na hapakupatikana nafasi ya mtoto wa miaka minne.

Mama alitangulia kurudi nyumbani, akasimama kwenye ngazi ya mlango. Ndipo akasema, "Kitabu cha ubatizo kiliungua na kanisa. Karatasi yake ya kuzaliwa iliungua na nyumba. Nilifikiri kwamba hapa angalau ataandikwa." Kisha akaenda kumenya mihogo. Sijamsikia mama yangu akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe tangu nizaliwe, na hilo lilikuwa la kwanza.

Basi nikakasirika na picha yako. Ndiyo, na karatasi yenyewe. Niliazima lenzi ya maabara ya shule, ile ya kutazamia mbegu, kwa kisingizio cha somo la biolojia. Nikaiomba picha kwa Papa Vital, nikakaa nayo kibarazani kwetu, nikaichunguza nguzo moja moja. Nilitaka kuona kama na huko jimbo fulani lilipata nguzo ndefu. Hapana. Zote ni sawa. Na hazina hata herufi moja, Mjomba! Ni mifereji tu, kutoka chini mpaka juu.

Nikapandisha lenzi. Juu ya nguzo kuna mwamba mmoja wa jiwe, mpana, unazilalia zote na kuzunguka pembeni. Ndio wenye maandishi. Ni madogo sana, yamefifia katika picha, lakini ni herufi, na kati ya neno na neno kuna kitu kama ua.

Asubuhi nilimkimbilia Madame Hortense. Akatafuta katika kitabu chake kikubwa, akasoma, akavua miwani. Majina ya majimbo yote thelathini na sita yameandikwa kwenye ule mwamba wa juu. Ni majimbo yaliyokuwepo rais yule alipokufa, vita vyao wenyewe vilipokuwa vinakwisha. Nikamuuliza: je, na yale yaliyojitenga, yaliyopigana na wenzao miaka minne? Akasema, "Yote, Elodie. Hayakutolewa hata moja. Waliopigana wako kwenye jiwe moja."

Mjomba Médard! Ulisimama pale, ukahesabu nguzo, ukapiga picha, ukaandika "kila nguzo ni jimbo lake", na hukutazama juu ya nguzo! Jambo lenyewe lilikuwa juu ya kichwa chako. Samahani kwa alama hizi za mshangao, Madame Hortense anasema zinaharibu barua, lakini leo nimezihitaji.

Niliomba kusema kwenye mkutano wa kamati wa Jumapili iliyopita. Papa Vital alinipa dakika tano kwa sababu mimi ndiye msomaji wake. Nilieleza kuhusu mwamba, kuhusu majimbo, kuhusu vita vyao. Nikasema nguzo ni za kubeba tu, na majina yakae juu, yote pamoja. Na tuyaandike kama mwalimu anavyoita majina darasani, kwa herufi ya jina la ubatizo, bila kusema huyu ni wa wapi. Mtu asijue nani ni wa nani isipokuwa yule anayemtafuta wake.

 Papa Josaphat akasema, "Sasa mutoto wa shule anatufundisha kufa."

Watu wakacheka, na masikio yangu yakawaka moto. Nilitaka kukaa. Lakini Katsuva, ambaye alikuja tu kuomba kokoto, akanyoosha mkono pale mlangoni.

"Bapapa, munipe ruhusa," akasema. "Miye nilikuwa naogopa kusema. Mutoto anasema kweli ya fundi. Nguzo bila chaînage haisimame. Upepo wa mwezi wa tatu utazilalisha zote, ya murefu ndiyo ya kwanza. Lakini miye siwezi kuweka chaînage juu ya meno ya mutoto, moja huku, moja kule. Lazima zilingane."

Chaînage, kama hukumbuki, ni ule mkanda wa beton, yaani zege, wenye chuma ndani, ambao mafundi wetu wanauzungusha juu ya kila nyumba kabla ya kuweka paa. Hata choo chetu kinao. Kwa hiyo nilikuwa nimetafuta kwa lenzi, katika picha ya Amerika, kitu ambacho kila fundi wa Bunia anakijua. Hilo nalo lilinikasirisha.

"Zilingane na ipi?" Papa Vital akauliza.

"Na ile fupi. Juu haiwezekani, matofari imekwisha."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kukata nguzo! Ya nani ikatwe kwanza? Mzee Mathieu, kwa kuwa ile fupi ni ya kwake, alikuwa peke yake anayetabasamu, na tabasamu hilo halikusaidia. Mmoja akasema picha haionyeshi maandishi yoyote, ni macho yangu tu. Mwingine akasema vitabu vya Madame Hortense ni vya zamani. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na wanawake wengine. Hakusimama. Alisema tu, kwa sauti yake ya kawaida, "Nguzo zenu zisimame bapapa. Mutoto wangu iko mu udongo wa batu bengine, na bale batu hawakuniuliza kitu."

 Papa Josaphat akatazama mikono yake muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya barua hii: "Médard ndiye alituletea nguzo. Médard atuonyeshe hiyo ya juu. Nikiona kwa macho yangu majina ya bale balipigana juu ya jiwe moja, nguzo yangu ikatwe ya kwanza. Nisipoona, kila mutu na yake."

Wamekubaliana kungoja mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Papa Vital ameniagiza niandike orodha ya mfano, majina mia mbili na kumi na manne, kwa herufi. Nimefika kwenye G. Kati ya Gilbert na Grégoire nimeacha mstari mmoja wazi, na sitauandika wala sitaufunga mpaka unijibu.

Katsuva, kwa upande wake, hakungoja. Siku ya Jumatatu alichukua bomba lake la plastiki lenye maji, lile la kupimia usawa, akaanzia kwenye kichwa cha nguzo ya Mzee Mathieu. Akachora mstari wa makaa kwenye zile tano nyingine, usawa uleule, akaenda zake kujenga nyumba ya mtu mwingine. Hakuna aliyemzuia. Nikipita asubuhi natazama kama mstari bado upo. Jana mvua kubwa ilitoka upande wa mlima na kuufuta kwenye nguzo ya mwisho, ile ya Papa Josaphat. Zile nyingine zina mstari, ya kwake haina. Nimepita mara mbili leo kuutafuta. Nani atakayesema kwamba mstari ulikuwepo?

Kwa hiyo nakuomba, Mjomba, kwa unyenyekevu wote niliobaki nao. Siku yako ya mapumziko, rudi pale. Usipige picha ukiwa mbali, na usimweke Fabrice mbele akitabasamu. Simama karibu, inua kamera, piga juu ya nguzo, upande hadi upande, mpaka herufi zisomeke bila lenzi. Mwulize mlinzi majimbo yapi yalipigana na yapi, na uyaandike nyuma ya kila picha kwa kalamu nyeusi. Zitume pia kwa anwani ya imeli ya Madame Hortense, iliyo chini ya karatasi hii, maana posta sina imani nayo. Donatien anaondoka Jumanne kupitia Kampala, naye ndiye anayeibeba barua hii.

Najua uliandika kwa upendo. Ulitaka tuone kitu kizuri. Ni kizuri, nakubali. Ila safari ijayo utuletee chote.

Msalimie sana tantine Sylvie, na umwambie kitambaa alichotuma kimenitosha na bado kimebaki cha Nyanya. Msalimie Fabrice, asisahau Kiswahili. Nyanya Elisabeth anasema anakuona hata huko uliko kwa jicho lake jipya, kwa hiyo uende misa. Mama anakusalimu, alikaa karibu nami nilipokuwa naandika.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, akupe afya, na akupe siku moja ya mapumziko isiyo na mvua.

Mimi binti ya dada yako, ninayekupenda hata leo nikiwa na hasira,
Elodie

N.B. Jumatatu asubuhi. Sikuwa nimefunga bahasha. Nimepita kiwanjani nikienda shuleni. Kwenye nguzo ya Papa Josaphat mstari umerudi. Haukuchorwa na Katsuva, kwa sababu wa Katsuva umenyooka kama rula. Huu unapanda na kushuka, umekatika mara tatu, lakini uko kwenye usawa wake. Sijamwambia mtu yeyote. Tuma picha upesi, Mjomba.